Nilihesabu Mitamba wa Kijiji, Rangi Zao Sikuziandika

"Bibi, mtamba wako atakuwa bati. Nakuahidi."

Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Niliyasema nikiwa nimesimama wima, kalamu mkononi, nikiamini kila herufi yake... Leo nikiyakumbuka sisikii hata uchungu. Nasikia ukimya tu, kama wa mtu aliyekaa muda mrefu mno kwenye jua.

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Nilizaliwa na kukulia Bariadi mjini, nikasomea fedha za serikali za mitaa chuoni, nikahitimu nikiwa na imani moja kubwa: kwamba umaskini wa vijiji vyetu hautokani na ukosefu wa mali, bali na ukosefu wa kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Nilipoajiriwa kuwa Afisa Mtendaji wa kijiji kimoja mbele ya Dutwa, kijiji ambacho naomba nisikitaje, nilimshukuru Mungu. Nilijua nimepata mahali pa kuithibitisha imani yangu.

Kijiji kile hakikuwa na chumba cha kujifungulia. Mama mjamzito alipozidiwa alipakiwa kwenye pikipiki au baiskeli, akapelekwa mbali kwa njia ya udongo mweusi ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Bibi Holo, mjane mwenye miguu iliyokwisha nguvu, alimpoteza binti yake wa pekee, Kabula, katika njia ile ile. Mama na mtoto, wote wawili!

Kwa hiyo mkutano ulikubaliana kwamba wananchi wenyewe wanyanyue kuta na kuezeka. Lakini fedha taslimu watu hawakutaka kutoa. Walikwisha kuchangishwa miaka ya nyuma na hakuna aliyeona tofali. Wakasema watatoa mitamba. Koo kadhaa ziliungana, kila kundi likatoa mmoja, na asiye na ng'ombe akachangia kwa pamba yake. Wakapatikana mitamba kumi na mmoja.

Wa kumi na mmoja alikuwa wa Bibi Holo. Alimleta mwenyewe kwa kamba, akitembea na kupumzika, akitembea na kupumzika. Alikuwa mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na aliitwa Mbula, yaani mvua. Kabula ndiye aliyemwacha akiwa ndama. Bibi hakuwa na ng'ombe mwingine.

Nilipoandika stakabadhi yake aliinama akaitazama karatasi, ingawa hakujua kusoma.

"Umeandika rangi yake, ng'wanone?" aliniuliza, akiniita mwanawe kwa Kisukuma.

Nilitabasamu. Nilimweleza kwa upole kwamba daftari la mali lina safu ya idadi na safu ya thamani, safu ya rangi haimo. Watu wakacheka. Bibi Holo hakucheka. Akasema tu, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Ndipo nilipomwahidi kuhusu bati.

Ndugu msomaji, nilifundishwa kwamba mali ya umma inayooza au kufa haitunzwi. Huuzwa mara moja, na fedha hupelekwa benki. Nililijua hilo! Lakini kilikuwa kiangazi, ng'ombe wamekonda, na wananchi wakanisihi tusubiri majani yaote, mitamba wanenepe, ndipo tuwapeleke mnadani wakati kuta zitakapofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, tayari kwa kuezekwa. Nilitaka kuwa mtendaji anayesikiliza watu. Nikakubali.

Walipojadili nani awatunze, mkutano ulimtaja Baba Mdogo Maduhu, mdogo wa marehemu baba yangu, mkazi wa kijiji kile. Alikuwa mfugaji mwenye jina, na alikuwa na boma kubwa kando ya mbuga. Nilipaswa kusimama na kusema, "Huyu ni baba yangu mdogo, mchagueni mwingine." Sikusema. Niliona fahari... Ndiyo, fahari!

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda bomani na daftari langu. Baba Mdogo alinisimamisha kwenye miiba ya mlango, akanyoosha fimbo, akawa anaonyesha mmoja baada ya mwingine, nami nikahesabu hadi kumi na mmoja. Kisha nikaandika: "Wapo wote." Majirani walinitania. "Tazameni Mtendaji, anahesabu ng'ombe kama anahesabu viti vya kukodi!" alipaza sauti mmoja wao, nami nilicheka pamoja nao. Sikuona ndani ya utani ule onyo lolote.

Nikirudi ofisini nilipita kwa Bibi Holo. Alinisalimu "Mwadila", nikamwitikia, kisha akauliza swali lile lile: "Mbula hajambo?" Nami nilijibu, "Hajambo, Bibi." Nilijibu hivyo miezi mitatu mfululizo bila kujua Mbula ni yupi katika kundi. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, wasomaji wangu. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba sikuuona kuwa uongo.

Katika miezi hiyo nilikuwa nimechumbia. Minza alikuwa mwalimu, mtulivu, mwenye kusema kweli hata pale ambapo kweli haikuombwa. Kwao ni Zagayu. Baba yake alitaja ng'ombe kumi na wawili, na kwa kuwa mimi sina baba, jukumu la mahari lilikuwa la Baba Mdogo. Nilimuuliza kama ataweza. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Umekuja kunikagua na mimi?" alisema. "Nenda kaandike barua zako. Mambo ya ng'ombe tuachie sisi."

Nikaenda kuandika barua zangu. Siku mahari ilipopelekwa Zagayu nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi Bariadi mjini. Niliambiwa kwa simu kwamba ukweni wamewapokea, wamewasifu, na kwamba ng'ombe walikuwa wazuri sana. Nilifurahi! Hivi kuna mtu anayeoa akauliza ng'ombe wake wametoka wapi?

Harusi ilifanyika Zagayu, mchana wa jua kali. Nilikodi gari dogo la kuwapeleka kina mama wa kijijini kwetu, na Bibi Holo alikuwemo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwalika. Mashemeji walinitania bila huruma. Mmoja aliuliza kama kwenye kompyuta yangu ng'ombe anaonekana na pembe ngapi. Mwingine akasema nimeoa kwa control number, ile namba ya kulipia serikalini. Nilicheka hadi machozi.

Alasiri ng'ombe wa mkwe wangu walirudi kutoka malishoni, wakapita pembeni mwa turubai kuelekea zizini. Nilimwona Bibi Holo anaweka sahani yake chini. Alisimama kwa taabu, akajikongoja hadi kwenye uzio.

"Mbula!" aliita.

Ng'ombe mmoja mweusi alisimama. Akageuza kichwa, na baka jeupe lilikuwa pale pale kwenye paji lake. Akaacha wenzake, akaja moja kwa moja, akaanza kumlamba kiganja, kwa sababu kiganja kile ndicho kilichokuwa kikimpa chumvi tangu alipokuwa ndama.

Watu walidhani ni mchezo wa bibi kizee, wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekwishasogea karibu. Bibi Holo hakupaza sauti. Alinitazama, mkono wake ungali mdomoni mwa ng'ombe.

"Ng'wanone," alisema, "uliniambia huyu atakuwa bati."

Kisha akarudi mahali pake, akachukua sahani yake, akamaliza wali.

Nami nilifanya nini? Nilirudi kwenye kiti changu kando ya bibi harusi. Nililishwa keki, nikalisha keki. Hakuna kilichopasuka ndani yangu. Nilikaa tu kama mtu anayetazama harusi ya mwingine kwa mbali.

Siku mbili baadaye nilimwendea Baba Mdogo. Hakukana. Alisema ng'ombe wake mwenyewe walikwishapungua kimya kimya, wengine kwa ukame, wengine kwa kuuzwa, na kwamba aibu ya kunioza mikono mitupu asingeiweza. Alichukua saba kati ya wale kumi na mmoja, akaongeza watano wake. Na wale niliokuwa nikiwahesabu? Kwetu boma la mtu mmoja huweza kuwa na ng'ombe wa watu watano, kila mmoja amemkabidhi mwenzake amfugie. Mwezi ule wa mwisho kabla ya harusi alinionyesha kwa fimbo mitamba saba wa watu wengine. Mchunga ng'ombe yeyote angejua kwa kutupa jicho mara moja. Mimi nilikuwa na idadi tu, na idadi ilikuwa sahihi!

"Nitawarudisha kidogo kidogo," aliniambia. "Wewe nyamaza. Umeoa kwa ng'ombe hao hao. Utasema nini?"

Nikanyamaza.

Niliuchukua uamuzi huo nikiwa na akili zangu timamu, na ndio ninaoungama hapa. Wiki tatu nilinyamaza. Niliishi na Minza, nikala chakula chake, nikasahihisha naye madaftari ya wanafunzi. Mwisho wa mwezi nilijaza taarifa ya mali za kijiji, na kwenye mstari wa mitamba nikaandika kumi na mmoja... nikatia sahihi.

Kuta zilikwishafika kwenye lenta. Wenyekiti wa vitongoji waliniuliza lini tunakwenda mnadani, nikasema tusubiri bei. Kisha mvua za kwanza zikaja, mfululizo, siku nne. Siku ya tano ukuta wa upande wa magharibi wa chumba cha kujifungulia, uliokuwa bado wazi bila bati, ulilala chini. Haukuua mtu. Ulilala tu, tofali za wananchi zikatawanyika kwenye matope.

Nilipofika nilimkuta Bibi Holo. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiokota tofali nzima na kuzipanga upande, moja moja. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimuuliza kwa nini wiki zote hizo hakumwambia mtu yeyote.

"Nikisema mimi, ni maneno ya kikongwe," alijibu bila kuacha kazi yake. "Ukisema wewe, yanaandikwa. Nilikuwa nakusubiri."

Alikuwa ananisubiri! Hata baada ya yote yale, alikuwa bado ananichukulia kuwa mtu mwenye ahadi.

Nilimwomba Mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano wa dharura. Nilisimama mahali pale pale nilipoahidi, nikasoma taarifa yangu ya uongo, kisha nikaeleza kweli yote, tangu safu isiyokuwa na rangi hadi sahihi yangu. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa afadhali wangenizomea. Baba Mdogo aliondoka kabla sijamaliza. Wananchi waliamua asishirikishwe msibani wala harusini mpaka atakapolipa, na hadi leo hapokei simu yangu.

Mkwe wangu alipopelekewa habari hakubishana. Alifungua zizi na kuwaambia wajumbe wachukue saba wao. "Na mimi nachukua mtoto wangu," alisema. "Siku huyo Mtendaji atakapoleta saba wake mwenyewe, tutazungumza."

Minza alifunga mizigo yake asubuhi, bila haraka. Nilimwambia kwamba mimi pia nilidanganywa. Alikunja kanga yake ya mwisho kabla ya kunijibu.

"Siku ya harusi ulidanganywa. Sina neno juu ya hilo," alisema. "Lakini wiki tatu ulikula mezani kwangu ukijua. Kila siku nilikuuliza una nini, ukasema umechoka."

Nilimbebea mizigo yake hadi nje.

Mitamba wote kumi na mmoja walipelekwa mnadani Dutwa. Wananchi walitaka Mbula abakizwe, arudishwe kwa Bibi Holo kwa huruma. Alikataa. Alimshika kamba mwenyewe hadi kwenye mizani, akampa chumvi iliyobaki kiganjani, akamwachia mnunuzi. "Nilimtoa awe bati," alisema. "Basi awe bati."

Ukuta ulijengwa upya, na chumba kimeezekwa. Nimeambiwa kuna mtoto wa kike amezaliwa humo mvua ikinyesha. Mimi sikuwapo. Nilisimamishwa kazi, shauri langu bado linasikilizwa, na kwa sasa nachapa barua za watu kwenye duka la mashine za kuchapa Bariadi mjini. Mtamba mmoja nimekwishamnunua. Bado sita. Sijui kama Minza atasubiri, na sijamwomba asubiri.

Mtendaji aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu kuuliza jinsi daftari la mali linavyojazwa. Nilimwambia achore safu moja zaidi kwa mkono.

Wewe unayenisoma, huenda nawe umekabidhiwa kitu cha watu: mfuko wa kikundi, sadaka ya kanisa, mifugo ya kijiji, michango ya msiba. Nakuomba usiridhike na kuhesabu. Mchukue aliyekitoa, nenda naye, umwambie akuonyeshe kilicho chake. Na ukigundua kimepotea, sema siku ile ile. Usingoje wiki tatu kama mimi. Nakuomba.