Jongoo Ndani, Tandu Nje

Kila jioni Adelfina alipika huku sikio lake likiwa barabarani. Alimenya ndizi, akachochea moto, akasikiliza. Saa kumi na moja wanaume wengi wa kijiji chao, huko Mbuba, hushuka kilabuni kunywa pombe ya ndizi. Mumewe Ndayisaba alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

Mwezi wa pili Ndayisaba aliacha pombe. Alikuwa ametoka kilabuni amelewa, akaanguka na baiskeli na kupasuka kichwa. Alipopona alimwahidi padri, kisha akamwahidi mkewe. Tangu hapo hakunywa hata tone.

Lakini hakutulia. Mchana alipalilia kahawa na kukata majani ya migomba, na kazi ilimsahaulisha. Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Alikaa, akasimama. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akarudi. Alifunga mlango ambao ulikuwa tayari umefungwa. Adelfina alimtazama, na yeye pia moyo wake haukutulia.

Mvua zilipoanza, Ndayisaba aliona jongoo mkubwa mweusi kwenye shina la mgomba. Alimweka mkononi. Jongoo akatembea taratibu, miguu yake ikipanda na kushuka kama mawimbi madogo. Jioni ile Ndayisaba alikaa kitako mpaka chakula kikaiva. Kesho yake alileta jongoo watatu. Mwezi ulipoisha, walikuwa kumi na mmoja, ndani ya beseni kuukuu lenye udongo na majani, kando ya jiko.

Majirani walicheka. Wengine walinong'ona kwamba mtu mzima hafugi wadudu bila sababu. Adelfina hakuwapenda jongoo wale. Walitoa maji ya njano yenye harufu kali. Hata hivyo alinyamaza. Aliona ni afadhali mume aliyekaa nyumbani na jongoo kuliko aliyekaa kilabuni na chupa.

Kisha jongoo walianza kufa. Leo mmoja, keshokutwa mwingine. Ndayisaba aliwakuta wamekauka, wepesi kama bua. Alizidi kufukua udongo kila siku, asubuhi na jioni, kuona nani yuko hai. Akaanza tena kwenda kwenye uzio na kurudi. Methusela, rafiki yake wa kilabuni, alipita akamwona.

"Jongoo wakikuchosha, ndugu yangu, njia unaijua," alisema, akaendelea na safari yake.

Adelfina aliyasikia maneno hayo. Usingizi ukampaa.

Siku iliyofuata Ndayisaba aling'oa jiwe shambani. Chini yake alikuta mdudu mrefu, bapa, wa rangi ya kahawia. Alikuwa na miguu mingi, na alikimbia sana. Ndayisaba alimkamata kwa kopo. Alimwambia mkewe kwamba huyo ni jongoo wa aina nyingine, mwenye nguvu, na hatakufa kama wenzake. Akamtia kwenye beseni na kulifunika kwa kipande cha ubao.

Asubuhi mdudu hakuwemo.

Walitafuta nyumba nzima. Walikung'uta mashuka, wakainua mikeka, wakahamisha masufuria. Hawakumwona. Binti yao Nice, wa miaka mitatu, alikuwa akilala kwenye mkeka chini. Adelfina alimpandisha kitandani kwake. Siku mbili kila mtu alikung'uta nguo kabla ya kuvaa na kutazama chini kabla ya kukanyaga.

Siku ya tatu, mchana, Adelfina alitia mkono nyuma ya gunia la maharage ili alivute. Alisikia maumivu makali kama kaa la moto. Mdudu yule akachomoka. Ndayisaba alimpiga kwa jembe.

Mkono ulianza kuvimba. Ndayisaba alifunga kamba juu ya kifundo, akaikaza. Kisha akachukua wembe. Baba yake alikuwa akichanja palipoumwa, ili sumu itoke na damu. Adelfina aliutazama wembe, akauficha mkono wake nyuma.

"Hapana, Baba Nice. Nipeleke zahanati," alisema.

Ndayisaba alimtia mdudu aliyekufa ndani ya chupa. Walimwacha Nice kwa jirani, wakapanda bodaboda.

Zahanati walimkuta nesi Niragira, mama wa makamo.

"Shikamoo, Mama," alisema Adelfina.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone."

Kitu cha kwanza alichofanya nesi ni kufungua ile kamba. Aliosha jeraha kwa maji safi na sabuni. Akauweka mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, baada ya kuyajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Alimpa dawa ya maumivu. Alimuuliza kama anapumua vizuri, na kama alipata chanjo ya pepopunda alipokuwa mjamzito. Kisha akaitazama chupa.

"Huyu ni tandu," alisema. "Jongoo haumi. Tandu anauma, na ana sumu. Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi ni maumivu na uvimbe, halafu hupoa. Lakini mtoto mdogo asicheleweshwe nyumbani. Na mtu yeyote akipumua kwa shida, akivimba uso au akizimia, mkimbizeni hospitali."

"Na kuchanja kwa wembe?" aliuliza Ndayisaba.

"Usichanje. Wembe unaongeza jeraha na unaweza kuleta ugonjwa mwingine. Kamba inazuia damu. Sabuni na maji, halafu njooni kwetu."

Nesi alimwangalia Adelfina kwa saa nzima. Ndayisaba alikaa kwenye benchi, ameinamisha kichwa.

"Nitawatupa wote leo," alisema. "Tandu amekufa. Na jongoo nao waende."

Adelfina alitaka kusema ndiyo. Mkono ulimuuma mpaka begani. Lakini aliiona jioni ya kesho, na keshokutwa, na mumewe kwenye uzio.

"Ukiwatupa, jioni utafanya nini?" alimuuliza.

Kisha Adelfina alimgeukia nesi na kuuliza kama kuna njia ya kufuga jongoo bila kudhuru mtu. Nesi alisema yeye anajua kutibu, hajui kufuga. Aliwaelekeza kwa mwalimu Wiston, anayefundisha baiolojia sekondari. Huyo alifuga jongoo darasani kwake.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Alilitazama beseni kwa muda mrefu, akachota udongo na kuusugua vidoleni.

"Umekauka," alisema. "Na joto la jiko liko karibu. Haya majani umeyatoa wapi?"

"Chini ya mibuni yangu."

"Umepiga dawa ya wadudu mwaka huu?"

Ndayisaba aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alikuwa amepiga dawa wiki tatu zilizopita.

"Jongoo naye ni mdudu kwa dawa hiyo," alisema mwalimu.

Kisha aliwaonyesha tofauti. Jongoo ni wa mviringo, anatembea pole, na akiguswa hujikunja. Karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu. Tandu ni bapa, ana mbio, na kila pingili ina jozi moja. Jongoo hula majani yaliyooza. Tandu huwinda. Kwa hiyo wasiwekwe chombo kimoja, na katika nyumba yenye mtoto tandu asifugwe kabisa.

"Lakini kuna jambo jingine," mwalimu aliongeza. "Unawafukua mara ngapi?"

"Kila siku. Mara mbili."

"Jongoo huingia chini kubadilisha ngozi. Wakati huo ni laini kabisa. Ukimfukua, unamuua. Asipoonekana wiki kadhaa, mwache."

Adelfina alimwona mumewe akiitazama mikono yake.

Jumapili baada ya misa walianza upya. Ndayisaba alikata ndoo kubwa na kuitengenezea kifuniko chenye matundu madogo. Alitia udongo wa kina cha shubiri moja na nusu, akachanganya na majani yaliyooza na vipande vya mti uliooza. Waliiweka barazani, kivulini, wakawahamishia humo jongoo waliobaki. Adelfina alisaga maganda ya mayai na kuyanyunyiza juu, kwa sababu mwalimu alisema yanaimarisha magamba ya jongoo. Maganda ya ndizi mbivu na tango hayakutupwa tena, yakawa chakula cha jongoo. Kila aliyemgusa jongoo alinawa mikono kwa sabuni, maana yale maji ya njano huwasha, na yakiingia machoni huumiza vibaya. Nice aliruhusiwa kumgusa jongoo akiwa na mtu mzima tu.

Wiki ya tatu, Ndayisaba hakurudi jioni. Chakula kiliiva, kikapoa. Adelfina alimwacha mtoto kwa jirani, akashuka mpaka kilabuni. Alisimama mlangoni, akatazama uso mmoja baada ya mwingine. Methusela alimwona.

"Amepita hapa saa tisa," alisema. "Hakusimama."

Adelfina alikutana na mumewe kwenye njia ya bondeni, jua likizama. Alikuwa amebeba gunia kichwani. Lilikuwa limejaa majani yaliyooza, kutoka mahali ambapo hakuna shamba wala dawa.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" aliuliza Ndayisaba.

"Natoka kukutafuta kilabuni," alisema Adelfina. Hakutaka kumdanganya.

Ndayisaba hakukasirika. Alitua gunia, wakalishika kila mmoja upande wake, wakapanda mlima pamoja.

Kabla mvua hazijaisha, jongoo wadogo weupe walitokea juu ya udongo, wembamba kama nyuzi. Walikuwa wengi, hawakuhesabika. Mwalimu Wiston alileta wanafunzi wake kuwaona. Ndayisaba alisimama barazani akawaeleza kila kitu, kuanzia majani mpaka tandu. Adelfina aliwaonyesha kovu dogo mkononi, akawaambia habari za sabuni na zahanati.

Msichana mmoja aliuliza jinsi mtu anavyoweza kukaa wiki nyingi bila kufukua hata kidogo.

"Siku za kwanza," alisema Ndayisaba, "niliikalia mikono yangu."

Wanafunzi walicheka. Adelfina naye alicheka, kisha akaenda kuwaletea maji ya kunawa.