Karani Aliyekaa Chini

Maiti alikuwa ameketi. Hilo ndilo lililomtia baridi Inspekta msaidizi Zéphirin asubuhi ile ya mwaka 1956, alipoteremka bondeni kando ya njia ya Goma kwenda Sake. Karani Wenceslas, mtu wa Butembo aliyetumwa na serikali kukagua mabomba ya maji ya vijijini, alikuwa juu ya kigoda kidogo mbele ya bomba, mgongo kwenye ukuta wa bomba, daftari magotini. Hakuwa na jeraha wala alama ya kukabwa.

Zéphirin alisoma ukurasa wa wiki iliyopita: "Saa sita mchana. Maji safi, mengi. Maskini wamenufaika. Yajengwe mabomba mengine matano mabondeni."

Akawasha kiberiti, akakishusha. Mwali ulipofika usawa wa kiuno, ukazimika. Cha pili nacho vilevile. Mazuku! Hewa mbaya, nzito, itokayo ardhini, hutuama chini mabondeni alfajiri, isimfikie puani aliyesimama, ikamuua aliyeketi kimyakimya mpaka upepo wa mchana uifagie. Mtu wa Butembo, kusiko na volkeno, angeijulia wapi?

Akaamuru askari wake waupandishe mwili haraka. Huko juu, wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama na ndoo zao.

"Kigoda hiki ni cha nani?"

"Ni cha kwangu, papa," alisema Nyirarukundo, mkulima mjane.

"Karani alikipata wapi?"

"Nilimuletea. Mbele ya jua kutoka."

"Ulijua kama mazuku iko pale?"

"Kila mutu wa hapa anajua."

"Basi ulimuua."

"Ndiyo."

Zéphirin alizoea watu wanaokana mpaka povu liwatoke. Ungamo hili jepesi lilimtisha kuliko maiti.

"Kwa nini, mama?"

"Batoto bangu babili balikuya kuchota maji asubui. Bakaikala chini kungojea ndoo ijae. Nikabakuta bamekufa. Nilimuambia karani. Akasema yeye alisimama pale saa sita, hakuona kitu, bomba ni muzuri. Nikamuambia: kuya asubui, ikala chini kama mutoto, uhesabu benye banachota. Ndiyo uandike."

"Ungekuja polisi kwanza."

Nyirarukundo akamsogelea.

"Nilikuya ku Goma, papa. Haunikumbuke? Ni weye uliniuliza kama kulikuwa damu. Nikasema hapana. Ukanirudisha. Lakini karani amekufa, leo umekuya na kamioni."

Zéphirin alikumbuka. Mama mmoja mlangoni siku ya mvua, kitenge kimelowa, naye akiharakisha kwenda kula.

Askari mmoja alimfunga Nyirarukundo pingu, kama sheria inavyotaka. Zéphirin akaketi kwenye jiwe, akafungua ripoti. Kwenye idadi ya waliokufa akaandika tatu.

"Majina ya watoto?"

"Mukantwari. Na Mukamugema, mudogo wake."

"Mukamugema alikuwa na miaka mingapi?"

"Tano," alisema Nyirarukundo, na kwa mara ya kwanza akalia.