Masikio ya Limbu

Gari moshi la Kigoma lilikuwa limeshaanza kuondoka stesheni ya Tabora, shangazi anaita dirishani, na kikapu chake bado kimo mkononi mwa Sikuzani. Kijana mmoja wa pama na shati jekundu akakipokonya, akatimua mbio. Sikuzani akamfukuza, akamdaka shati. Kijana akakisukumiza kikapu dirishani kwa shangazi, kisha akageuka akihema.

“Dada, mwizi gani anampelekea mwenyewe mali yake?”

Sikuzani alicheka mpaka upepo ulipopeperusha pama. Ndewe za masikio ya kijana zilikuwa zimegandana na mashavu. Kicheko kikakauka.

Baba yake Sikuzani, mzee Twalibu, alikuwa askari wa gereza enzi za Mwingereza. Huko alimshikia kamba ya kupimia daktari wa Kizungu aliyepima vichwa vya wafungwa, akatoka na elimu moja: mwizi huzaliwa, na ukitaka kumjua tazama masikio, yakigandana ndiye.

Penzi halikungoja ruhusa. Limbu, ndilo jina lake, alileta asali ya Sikonge kwenye ushirika, na kila akija mjini alipita barazani kwa Sikuzani, ananukia sabuni. Alimwita nyuki wake. Akiondoka tu, nyuki wake hupekua sanduku. Siku bangili ya fedha ilipokosekana akamuuliza, kimzaha, kama hakuiona. Limbu aligeuza mifuko yake nje, mmoja mmoja, akaondoka nayo ikining'inia hivyohivyo barabara nzima.

Mvua zikaisha hajaonekana. Alirudi kuaga, maana kwao walikuwa wanahamishiwa kijiji cha ujamaa. Alileta hereni. Akamvisha mwenyewe, akahangaika.

“Nyuki, hizi haziningʼinii. Ndewe zako zimegandana. Kama zangu.”

“Mwongo.”

“Shika.”

Sikuzani akajipapasa. Akaingia ndani. Baba yake ameketi na kofia ya sufu imefunika masikio, jua kali lile, kama siku zote.

“Baba, vua kofia.”

“Ya nini?”

“Nataka kuona nimerithi wapi.”

Mzee hakuvua. Aliivuta kofia chini, akasema kijana aitwe, wazungumze posa.

Limbu akasilimu, wakaoana, wakahamia kijijini kufuga nyuki. Limbu hakufungwa jela hata siku moja. Bangili haikupatikana. Shangazi alifika Kigoma na kikapu chake. Mzee Twalibu alizikwa Kwihara. Limbu alikuwa miongoni mwa walioosha maiti, na alichokiona masikioni mwa mzee hakumwambia mtu.