Saikal na Programu ya Theluji

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Saikal alimsaidia baba yake, mzee Kydyr, kuzoa majivu kwenye tanuri la kupasha joto madarasa ya shule. Kisha alinawa masizi na kwenda chumba cha kompyuta. Huko, yeye na wenzake wa chama cha kompyuta walikuwa wakiunda programu ya kuwaonya wachungaji theluji inapokaribia njia ya mlimani. Mwaka juzi onyo lilichelewa, na mama yake akafia njiani katika gari lililokwama. Wakubwa walileta karatasi ya rambirambi yenye mhuri.

Jumatano hiyo programu ilikataa kuundwa. Kila walipojaribu, kompyuta iliandika yaleyale: itifaki ya mawasiliano salama haipo. Rysbek, fundi wa wilaya aliyeziandaa kompyuta hizo, alisoma akiwa wima, hata koti hakuvua. Akaagiza wakate sehemu inayoleta habari za hali ya hewa, waweke tarakimu za mwaka jana. Kesho yake tume ya ukaguzi ilikuwa inakuja, na tume hutazama kioo cha kompyuta dakika moja tu, kisha huenda kula nyama ya farasi.

"Mimi sikati, baike," Saikal alisema, akimwita kaka kwa heshima.

"Binti wa mchochea moto ndiye wa kunifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Lakini mjomba anashusha kondoo kesho kwa njia ile. Tarakimu za mwaka jana zitamwambia nini?"

Rysbek akacheka, akasema atakayeharibu siku ya tume atafukuzwa kwenye chama cha kompyuta. Akaondoka.

Saikal hakuinuka. Alisoma tena yale maneno, neno kwa neno, na mmoja mmoja wenzake wakavuta viti. Kazi yao haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye programu ndogo ya kupakua habari kutoka mtandaoni, ambayo Rysbek aliiunda haraka haraka bila maktaba ya usimbaji, yaani fungu la msimbo linalolinda mawasiliano kwa siri. Bila maktaba hiyo, haikuweza kuzungumza na kituo cha hali ya hewa. Na bado kwenye daftari la mitambo aliandika: tayari.

Wakaipata maktaba hiyo kwenye diski iliyosahauliwa kabatini. Wakaiweka kwanza, wakaunda upya programu ya kupakua, ndipo wakaunda ya kwao. Safari hii ilikubali. Kioo kikaonyesha: theluji nzito, kesho adhuhuri.

Saikal alimpigia mjomba simu. Kondoo hawakushuka.

Tume ilifika alasiri ya Alhamisi, magari yamefunikwa theluji. Mwenyekiti aliuliza ni kazi ya nani, na Rysbek akasogea mbele. Saikal akafungua daftari la mitambo, akaweka kidole penye neno "tayari", akaeleza yote bila kuinamisha macho. Rysbek akarudi nyuma ya wajumbe wa tume.

Mzee Kydyr alikuwa mlangoni, sepetu mkononi.

"Mwanangu," alisema, nao wakubwa wakisikia, "mashine ilisema ukweli: imepungukiwa na kitu. Ukiambiwa kinachokosekana, kilete. Anayefuta kosa ili wakubwa wafurahi, kosa halifi. Hufa mtu mwingine, kule njiani."

Akarudi kuchochea tanuri.