Kisima Kilichoandikwa Sifuri

Jirani zangu, sogeeni karibu, na mwenye masikio ya kuvalia hereni tu, leo ayatumie.

Nyumbani kwa mwanangu, ninakoishi, kulikuwa na amani hata paka alinenepa. Alfajiri mkwe wangu huchota maji kisimani, kisha huwaamsha binti zake wawili waende chuo wanakosomea viumbe hai. Mkubwa tulimwita Profesa, mdogo tukamwita Kimya. Majina hayo niliyatoa mimi, Mungu anisamehe.

Mwalimu wao aliwafundisha kuiandikia kompyuta maagizo, wawili wawili kwa mashine moja. Mmoja anachapa, mwenziwe anasoma na kuuliza. Kengele ikilia, wanabadilishana viti. Wajukuu wangu wakapangwa pamoja, na Profesa akawa kiziwi wa kengele. Kiti kile ungedhani kazaliwa nacho.

Wakapewa kazi ya kweli: waingize hesabu ya vijidudu vya visima vya mtaa, kompyuta iseme kipi salama. Chupa ya kisima chetu ilivunjika njiani, maji hayakupimwa, kisanduku chake kwenye kompyuta kikabaki kitupu.

"Dada, mashine imeandika sifuri hapa."

"Sifuri ni hakuna vijidudu. Furahi basi!"

"Lakini hatukupima..."

"We kazi yako kutazama. Tazama!"

Darasa likacheka. Jioni Kimya akanifuata jikoni.

"Bibi, nimwambie mwalimu?"

"Mjukuu wangu, aliyekutangulia kuzaliwa kakutangulia kujua."

Mimi huyo, niliyeishia darasa la nne, kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi!

Karatasi ikabandikwa kisimani: SALAMA. Mkwe wangu akaacha kuchemsha maji.

"Kuni za nini, mama? Binti yangu kapima," akaniambia, kifua mbele.

Kuhara kulimwanza Jumanne. Alhamisi tukamzika.

Msibani Profesa hakulia. Alimuuliza mdogo wake neno moja tu:

"Kwa nini hukuninyang'anya kile kiti?"

"Nilikwambia, dada. Ulinisikia."

Siku hizi Profesa hukaa kiti cha kutazama. Kengele ikilia, hainuki.

FUNZO

Kisichopimwa hakijulikani, na kisichojulikana kisiitwe salama. Mkifunzwa wawili, mwenye kuchapa ana vidole, mwenye kuuliza ana macho. Ole wake anayejipofua. Nanyi wazee wenzangu, mtoto akija na swali jikoni, msimzibe mdomo kwa methali. Mimi nilimziba kwa methali nzuri sana, na sasa maji ya nyumba ile nachota mimi.