Meno Arobaini

"Dada, kile kipikipiki pale ni cha kwako au cha mwanao?"

Foleni ya chipsi ilikuwa ndefu hadi kwenye uzio wa uwanja. Jumapili ya mashindano, wilaya nzima ya Kempen ilikuwa imemwagika pale, mchanga mpaka kwenye meno. Aliyeulizwa akageuka. Nywele nyekundu zimelowa jasho, fulana ya mashindano kaifunga kiunoni, mabuti yamejaa tope mpaka magotini.

"Changu. Una neno?"

"Sina neno mie. Nauliza tu kinakwenda kasi gani."

"Tisini na mbili."

Bavo akacheka mpaka mzee wa mbele akamtazama. "Tisini na mbili ukikitupa kutoka juu ya paa! Nimekiangalia, mama. Sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, ina meno arobaini na mbili. Kile hata themanini hakifiki."

"Kwa hiyo unahesabu meno ya pikipiki za watu?"

"Ndiyo kazi yangu. Meno mengi nyuma, pikipiki inachomoka kama imetukanwa, halafu inachoka mapema. Meno machache, inaanza kwa kusitasita, lakini ikikolea haishikiki. Nipe wikiendi moja na sproketi ya thelathini na saba, nitakupa hiyo tisini na mbili yako."

"Na nikikupa hiyo wikiendi, kingine unanipa nini?"

"Chipsi. Na mayonezi."

Basi, Jolien akacheka, na Bavo Goossens, fundi wa miaka ishirini na tisa asiyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya mwanamke, akaanza kuukosa.

Walikaa miaka miwili kama pete na kidole. Jolien anaendesha, Bavo anatengeneza. "Mimi sigusi spana, na wewe hugusi usukani," Jolien alizoea kusema, akimpaka grisi puani. Mashine yake aliiweka mikononi mwa Bavo bila kuangalia nyuma, kama vile mtu anavyompa mwenzake mtoto ashike.

Halafu ikaja ile barua ya Italia. Timu moja ilitaka mwanamke mmoja tu, naye awe mshindi wa mbio za Agosti.

"Bavo! Nikishinda, Septemba niko Italia! Nalipwa kuendesha! Mimi!"

"Na mimi je?"

"Utakuja wikiendi, laazizi. Si kuna ndege?"

Bavo alitabasamu. Lakini moyoni alishaona gereji tupu, na Jolien akicheka kwenye foleni nyingine, na fundi mwingine akimhesabia meno. Jumamosi mchana, mkesha wa mbio, Jolien alipokwenda kumsalimia baba yake, Bavo alifungua cheni, akatoa sproketi ya thelathini na saba aliyomfungia, akaweka ya arobaini. Alijiambia ni kwa ajili ya usalama wake: mvua ilikuwa imeushindilia mchanga, mstari mrefu, pale uwanja unaponyooka, umekuwa mgumu kama lami, akianguka pale na kasi ile atavunjika shingo. Alijiambia hivyo mara nyingi, maana mara moja haikutosha.

Siku ya mbio Jolien alichomoka wa kwanza. Kona ya kwanza wake, ya pili wake. Kwenye mstari mrefu wakampita wawili kama amesimama.

Akarudi, akatupa helmeti chini, machozi yanachora mistari kwenye tope la uso wake. "Injini ilikuwa inalia tu, Bavo! Nimevuta mafuta mpaka mwisho, haina kitu! Kwa nini?"

Angesema pale pale, pengine yangeisha pale pale. Lakini ulimi una mambo.

"Labda uzito, mpenzi. Kilo mbili tatu tu, pikipiki ndogo hizi zinasikia."

Lo! Neno gani lile la kumwambia mwanamke aliyeshindwa?

Jolien akaacha chipsi. Akaacha mkate, akaacha bia ya Jumapili. Kila asubuhi alipanda kwenye mizani. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana, suruali ya mashindano ikawa inashikwa na mkanda. "Hata kipande kimoja?" Bavo alimbembeleza. "Acha, nitakuwa mzito," alijibu, akageuza uso asisikie harufu. Bavo akameza mate na maneno pamoja. Kesho nitamwambia, alijiambia. Kesho ikazaa kesho, mpaka wiki sita.

Alhamisi moja simu ikalia. Jolien alikuwa kwa baba yake, amepeleka pikipiki kuiosha.

"Mpenzi."

"Naam, roho yangu."

"Nilikuwa nawaza. Ningekuwa mzito, si ningechelewa kuondoka? Lakini niliondoka wa kwanza. Walinipita kwenye mstari mrefu."

Bavo akaiweka spana mezani.

"Sproketi yangu ya nyuma ina meno mangapi?"

"Thelathini na saba. Si unajua?"

"Ninayo mkononi, Bavo, nimeifungua mwenyewe. Nimehesabu mara tatu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Arobaini."

Na za mwizi, wahenga walishasema, ni arobaini.

Jumamosi Jolien alikuja uwanjani akiikokota pikipiki, na spana za baba yake mkononi. Bavo alikuwa amefika mapema, na sproketi ya thelathini na saba kwenye kitambaa safi.

"Niliogopa utaumia, Jolien. Nakuapia."

"Uliogopa nitaondoka."

"Nakupenda!"

"Nina kilo ngapi?"

"Jolien..."

"Unahesabu kila kitu wewe. Nina kilo ngapi?"

"Hamsini na moja," alisema Bavo, akilia.

"Nilikuwa hamsini na saba. Ulikuwa unaniona kila siku, ukanyamaza. Ungeiba mbio tu, labda ningekusamehe. Haya, hesabu. Kwa sauti."

Bavo akapiga magoti mchangani, akahesabu jino moja moja, huku Jolien amemsimamia. Moja. Mbili. Kwenye ishirini sauti ikamkatika, Jolien akangoja, Bavo akaendelea. Alipofika thelathini na saba, Jolien alimpokonya, akaifunga mwenyewe, taratibu, vidole vikiteleza, bila kuomba msaada.

Akapanda, akawasha. Aliingia mstari mrefu, na Bavo akasikiliza kama fundi anavyosikiliza: injini haikulia tena, ilituama, sauti nzito ya pikipiki iliyofikia mwendo wake. Tisini na mbili, bila kupungua hata moja. Hakupinda kona. Alitoka kwa lango la pili, alikokuwa akisubiriwa na baba yake mwenye gari la mizigo.

Bavo alibaki amepiga magoti, akisikiliza kazi yake nzuri ikienda zake.