Mikebe ya Ngalula

Jumapili tarehe 13 Mei 1962, saa mbili kasoro robo asubuhi, Kasonde alirudi kutoka misa ya kwanza akakuta mukebe wa tatu umeibiwa. Kwenye baraza ya nyumba tupu ya jirani, pale mtaani Kamalondo, lilibaki duara la maji tu juu ya sementi.

Mikebe ilikuwa mitano, ya maziwa ya unga, kila mumoja na mupilipili wake. Ngalula, mwenye nyumba ile, aliiacha siku alipokimbilia kambi ya wakimbizi, Wakasai kama yeye walipoanza kufukuzwa mjini. "Uniangalilie," alisema. Miezi minane Kasonde alimwagilia kila jioni, akingoja mwenyewe arudi. Sasa angemwambia nini?

Alivuka barabara hadi kwa Floribert, fundi wa nguo.

"Floribert, pilipili iko wapi?"

"Dada yaya, mimi na hii tumbo yangu? Bibi yangu akitia moja tu mu mboga, nalala mu choo!"

"Jumapili tatu, mikebe tatu. Na ni weye unakaa hapa mbele."

"Jumapili sishone. Niko mu misa, nyuma yako, naimba mubaya. Haunisikie?"

Kweli, alimsikia kila mara.

Kasonde akarudi, akachuchumaa. Mwizi aliacha mimea yenye pilipili nyingi, akachukua midogo. Tawi lililovunjika juzi lilifungwa kitambaa kwenye kijiti. Majivu mapya yalizunguka shina. Na mikebe miwili iliyobaki ilikuwa imegeuzwa, upande wa kivuli sasa ulitazama jua.

Mwizi gani anauguza anachoiba? Zamani, mwenye kugeuza mikebe hivyo kila Jumapili alikuwa mumoja tu.

Jumapili iliyofuata, saa moja na dakika kumi, padri alipoanza mahubiri, Kasonde alitoka. Barazani, mwanamke aliyekonda alikuwa akifunga mukebe wa nne ndani ya kitambaa cha kikwembe.

"Ngalula! Unaiba vitu yako mwenyewe?"

Ngalula akakaza fundo la kikwembe. Kasonde akasogea.

"Juu ya nini haukupiga hodi?"

"Balisema bwana yako iko pamoja na bale banatufukuza. Niliogopa kuona uso yako."

"Bwana yangu? Ule anaogopa hata kuku! Atafukuza nani?"

Wakacheka, kisha kicheko kikawashinda, wakalia.

"Na juu ya nini moja moja?"

"Treni ya Kasai inaondoka siku ya ine ya juma hii. Mbegu ni ya mama yangu. Lakini ningekamata yote mara moja, ungejua sitarudi."

Kasonde akainua mukebe wa tano, akampa. Ngalula akausukuma taratibu.

"Ile uache. Ikikaa hapa, niko na kitu ya kurudi kuiba."